Pale korongo lilipopoa na pale lilipokataa: kisa cha Nyakach

Korongo ninaloandika habari zake halina jina kwenye ramani. Lipo Nyakach, Kaunti ya Kisumu, chini ya miteremko ya Soin, na ukililinganisha na Katuk-Odeyo, lile kubwa lililomeza mashamba na kuhamisha familia, letu ni mtoto tu. Lakini mtoto huyo alikuwa akitambaa kila masika kuelekea boma la jirani yangu, na kati ya kichwa cha korongo na boma hilo palikuwa na kaburi la baba mzazi wa mwenye boma.

Kwa Waluo mtu mzima huzikwa nyumbani kwake, na kaburi ndilo linalosema nani mwenyeji wa pale. Shamba la mahindi likiliwa na maji, watu hulia kisha huzoea. Kaburi likianza kuning'inia, ukoo mzima hukutana. Kikundi chetu kilizaliwa siku ile wazee walipopima kwa hatua umbali uliobaki kutoka ukingoni hadi kaburini na kukuta hazifiki ishirini. Mimi nilichaguliwa karani kwa sababu nilikuwa na daftari. Nakieleza kisa hiki chote, pamoja na tuliyoyaharibu wenyewe, kwa kuwa nimeona vikundi vingi kando ya Nyando vikiambiwa "pandeni miti" kisha vikaachwa hapo.

Kwanza mahali penyewe. Bonde la Nyando lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 3,500. Maji yake huanzia milima ya Nandi, Tinderet na Londiani, hupita uwanda wa Kano, na kuishia Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria. Sisi tuko pembeni mwa bonde hilo, palipo na vijito vinavyoitwa Awach, vinavyoshuka kutoka upande wa Kericho. Juu udongo ni mwekundu, unakunywa maji. Chini kwetu ni udongo wa kijivu uliolala juu ya tabaka gumu, na mvua ikipiga, maji hayana pa kwenda ila pembeni. Wazee wanasema korongo lilianza kama njia ya ng'ombe kwenda mtoni, na kwamba mvua kubwa za 1961 na 1962, zile zilizoitwa mvua za Uhuru, ndizo zilizoifungua njia hiyo ikawa mtaro. Sina sababu ya kuwapinga. Miaka hiyo hata ziwa lilipanda ghafla.

Baadaye yakaja mengine. Kila kizazi kiligawa shamba kati ya ndugu, vipande vikawa vyembamba, na vingi vikalimwa kutoka juu kwenda chini kwa sababu ndivyo mipaka ilivyokatwa. Mahindi yakishavunwa, mifugo ya kila mtu huachiwa mashamba yote. Mbuzi hufuata kila jani. Paa za mabati zikaongezeka, barabara ya changarawe ikachongwa mlimani, na kila kalavati ikawa bomba linalomwagia maji mahali pamoja.

Mradi wa kwanza uliotujia ulikuwa na gari, fulana na nia njema. Sitautaja. Walitupa waya za gabioni, yale makreti ya kujaza mawe, tukajenga kuta tatu kubwa ndani ya korongo. Walitupa miche maelfu. Wakatufundisha pia kuchimba mtaro mrefu juu kidogo ya kichwa cha korongo, ili maji yakusanyike humo na kunywea taratibu. Tulichimba kwa moyo, wanawake wengi kuliko wanaume, na tulipiga picha.

Masika yaliyofuata yalituonyesha. Maji yalijaa kwenye mtaro jinsi tulivyotaka, yakakaa siku mbili, halafu yakatoweka. Tulifurahi tukidhani yamenywewa. Kumbe yalikuwa yamejitoboa njia chini ya ardhi, tundu la kuingia sungura, kisha la kuingia mbwa, na siku ya tatu ardhi kati ya mtaro na korongo ikaporomoka kwa pamoja. Tulipoteza hatua saba kwa usiku mmoja. Gabioni mbili maji yaliyazunguka ubavuni, yakabaki yamesimama katikati ya korongo kama meza isiyo na wageni. Miche ililiwa na mbuzi. Mradi ulikuwa umeshahesabu miche iliyopandwa, na ripoti yake iliishia kwenye idadi hiyo.

Miezi kadhaa baadaye alipita mtaalamu wa udongo aliyekuwa akichukua sampuli upande wetu. Alifanya jambo dogo ambalo sijalisahau. Aliomba glasi na maji ya mvua, si ya kisima. Akachukua kibonge kikavu cha udongo kutoka ukuta wa korongo, kidogo kama punje ya njugu, akakidondosha ndani bila kukoroga. "Tazameni tu," alisema. Baada ya dakika chache wingu jeupe lilianza kutoka kwenye kibonge na kutambaa chini ya glasi, na alipomaliza kunywa chai yake glasi yote ilikuwa kama maji yaliyotiwa maziwa. Kisha akatumia kibonge kutoka shamba la juu kabisa, chenye wekundu. Kilivunjika vipande, lakini maji yalibaki maangavu.

Akatueleza kwamba udongo wetu wa chini una sodiamu nyingi, na sodiamu huzifanya chembe za mfinyanzi zikimbiane badala ya kushikana. Udongo wa namna hiyo haumomonyoki tu, unayeyuka. Ukiuchimba ukaufunua, au ukaacha maji yasimame juu yake, umelikaribisha korongo kwa mikono yako. Dawa yake ipo, jasi, lakini kwa eneo kama letu hakuna mkulima wa kuinunua. Kilichobaki ni kuufunika kwa majani, kuuacha bila kuuchokonoa, na kuhakikisha maji yanayoufikia ni machache na yanapita polepole.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu. Tulitibu mahali palipooza badala ya mahali maji yanapotoka. Mtaro uleule ambao ungefaa kwenye udongo mwekundu ulituua kwenye udongo wa kijivu. Na maji machache hayawezi kupatikana kwa kazi ya watu wa chini peke yao, kwa sababu mvua inayolilisha korongo letu huangukia mashamba ya watu wengine, juu ya mpaka wa kaunti.

Watu hao ni Wakipsigis. Mwenye kujua eneo letu anajua maana ya sentensi hiyo. Kumekuwa na wizi wa ng'ombe, kumekuwa na miaka ya moto na mishale, na kuna familia pande zote mbili zenye kumbukumbu mbaya. Lakini kuna pia soko la Sondu, lililokaa mpakani kabisa, ambako mama wa Nyakach hununua viazi na maziwa kutoka kwa mama wa Kericho na kumuuzia samaki, na lugha yao ni Kiswahili. Mkutano wetu wa kwanza haukufanyika kwa chifu. Ulianza kwa mama mmoja wa kikundi chetu, muuza omena, aliyemwambia mteja wake wa miaka mingi, "Dada, maji yenu yanataka kumtoa mkwe wangu kaburini." Yule dada alikwenda kumwambia mzee wake.

Walipokuja kutazama, wazee watano kutoka juu, walisimama ukingoni kimya. Mmoja wao, mzee sana, alimgeukia mwenye boma akamwambia, "Pole, mzee mwenzangu. Sisi huku juu tunaona maji yakiondoka tu. Hatujui yanakwenda kufanya nini." Sikusikia utetezi ndani ya maneno yale. Mtu aliye juu kweli haoni.

Lakini pole haichimbi matuta. Swali gumu la kisa hiki, na nadhani la kila bonde, lilikuwa hili: kwa nini mkulima wa juu atoe jasho kuokoa udongo wa mkulima wa chini? Kule Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, walilijibu kwa fedha: watumiaji wa maji walio karibu na ziwa, wakiwemo wakulima wakubwa wa maua, waliwalipa wakulima wadogo wa vyanzo vya mto Malewa kwa vocha za pembejeo, na hao wakapanda mistari ya majani na kuacha kulima kingo za mito. Ni mpango ninaouheshimu. Ila Nyakach hakuna mashamba ya maua. Wa chini ndio maskini zaidi. Hatukuwa na cha kulipa.

Jibu lilikuja kwa njia ya ng'ombe. Wakulima wa juu hufuga ng'ombe wa maziwa, na kiangazi hununua majani kwa bei kali. Tukakubaliana hivi: wao wataruhusu mistari ya kontua, yaani mistari inayokata mteremko kwa usawa mmoja, katika mashamba yaliyo juu ya barabara, sisi tutakwenda kufanya kazi pamoja nao na kubeba vipando vya nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, na miche ya kaliandra, mti mdogo wa malisho, kutoka kitalu chetu. Majani yatakayoota kwenye matuta ni yao. Wao nao watakuja kufanya kazi kwetu siku zilezile kwa idadi ileile. Kwetu kazi ya kusaidiana namna hiyo huitwa saga, nao wana yao, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufundishwa. Kipato cha mkulima wa juu kilikuwa maziwa. Kuokoa korongo ilikuwa nyongeza. Nilijifunza kuisema hivyo bila haya.

Kupima kontua ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Hatukuwa na mashine. Ulichukua fito mbili za urefu sawa, ukaziunganisha juu, ukapigilia ya tatu katikati ikawa herufi A, ukaning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Ukaisimamisha, ukaweka alama pale kamba ilipogusa fito ya katikati. Ukageuza miguu, mguu wa kushoto ukakaa pale ulipokuwa wa kulia, ukaweka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Baada ya hapo mtoto yeyote anaweza kutembeza fremu hiyo shambani, mguu hadi mguu, akichomeka kijiti kila kamba inapotulia kwenye alama. Vijana wa Kericho na wa Nyakach walishindana nani mwenye mstari mrefu zaidi. Mstari ulipokamilika, ukipinda kama nyoka katikati ya shamba lililolimwa miaka yote kwa mistari iliyonyooka kuteremka, mwenye shamba alisimama akiutazama muda mrefu. "Kumbe shamba langu lina umbo hili," alisema.

Juu, kwenye udongo mwekundu, tulichimba fanya juu, ile mbinu iliyoenea sana Ukambani: mtaro kwenye kontua, udongo unarushwa upande wa juu kuwa tuta, na miaka ikipita shamba hujitengeneza ngazi lenyewe. Chini, kwenye udongo wa kijivu, hatukuinua jembe hata moja. Tulipanga mistari ya mawe juu ya ardhi, tukapanda majani kati yake. Ndani ya korongo tulijenga vizuizi vidogo vya mawe makavu, vingi, kila kimoja hakizidi kiuno. Katikati ya kizuizi lazima pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite katikati na yasizunguke. Mabawa yake yazamishwe ndani ya kingo, na kwa kuwa huko nako ni kufunua udongo ule mbovu, tulifungia kwa mawe na vibonge vya majani siku ileile. Chini yake patandikwe mawe ili maji yanayodondoka yasichimbe. Kichwa cha kizuizi cha chini kiwe sawa na mguu wa kile cha juu yake. Tuliyaandika haya kwenye daftari kwa sababu tulishalipia kutoyajua.

Yote hayo, hata hivyo, ni mawe na majani. Kilichobadilisha hali ni sheria moja tuliyojiwekea na tuliyogombana juu yake miezi minne: ukanda wa hatua hamsini kila upande wa korongo hautaingizwa mnyama, hata baada ya mavuno, kwa masika mawili na vuli mbili. Majani yanakatwa kwa mundu na kugawanywa kwa zamu. Mbuzi wanafungwa kamba. Wajane wawili walituuliza, na walikuwa na haki, nani atawakatia majani ikiwa hawana watoto nyumbani. Tuliwapa zamu za kwanza na vijana wa kuwakatia. Bila hilo wangevunja sheria, na sisi tungewaita wabaya.

Masika ya kwanza ya ukanda uliofungwa, majani yalirudi ambayo sikuwa nimeyaona tangu utotoni, bila mtu kuyapanda. Mbegu zilikuwepo ardhini zikisubiri midomo iondoke. Naisema kwa uchungu nikikumbuka maelfu ya miche tuliyomwagilia kwa ndoo ikaliwa.

Kichwa cha korongo kimesimama. Nimekipima mwenyewe kwa vigingi kila baada ya mvua kubwa. Upande wa kaburi hakijasogea tangu masika ya pili. Vizuizi vya juu vimejaa mchanga na tope, na juu ya tope hilo nepia imeota kimo cha mtu. Kalavati moja ya barabara sasa maji yake yameelekezwa kwenye migomba ya mkulima wa juu, kazi tuliyoiomba kwa ofisi husika mara nyingi, kisha tukaifanya wenyewe kwa majembe.

Pale lilipokataa ni chini zaidi, karibu na kijito. Huko vijana huchimba mchanga. Malori huja usiku na mchana, na kila shehena inashusha sakafu ya korongo, na sakafu ikishuka, vizuizi vilivyo juu yake hubaki miguu hewani. Baadhi yetu walitaka polisi. Mimi sikutaka, kwa sababu wachimbaji ni watoto wetu, na ule mchanga ndio karo ya wadogo zao. Tulifikia nusu ya makubaliano: wanachota mchanga ulionaswa nyuma ya vizuizi vitatu tulivyowatengea, baada ya mafuriko tu, na sehemu ya mauzo inanunua waya na mawe. Wengi wanaheshimu. Lori lisilojulikana halijui makubaliano yetu. Na shamba moja linalopakana na sehemu hiyo mwenyewe yuko mbali, amelikodisha kwa mtu wa msimu, na mtu wa msimu hapandi nyasi za miaka mitatu.

Tulijaribu kuipa kazi hii nguvu ya sheria. Sheria ya Maji ya 2002 ilifungua mlango kwa vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, na ile ya 2016 ikavibakiza. Uzuri wake ni kwamba chama cha namna hiyo hufuata bonde dogo la mto, si mpaka wa utawala, hivyo Nyakach na Kericho wanaweza kukaa kwenye chama kimoja. Karatasi zetu zimeenda na kurudi. Nafikiri zinafaa kufuatiliwa, hasa kwa ajili ya mchanga. Ila nisidanganye: yaliyotendeka mlimani yalitendeka kabla ya mhuri wowote.

Watu wa Kisumu mjini huniuliza hayo yanawahusu nini. Yanawahusu kwenye sahani. Fosforasi ya mashambani husafiri imeng'ang'ania chembe za udongo. Tope linalotoka makorongoni mwetu huingia Winam likiwa mbolea, na gugumaji, lililoonekana upande wetu wa ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, hunenepa kwa mbolea hiyo. Mvuvi anayeshindwa kutoa mtumbwi wake kwa sababu ya mkeka wa kijani amefungwa na udongo wa shamba la mtu asiyemjua. Ndiyo maana nasema fedha za kusafisha gugumaji, au sehemu yake, zingefaa kupanda mlima hadi kwenye lile shamba lenye mistari iliyopinda.

Mvua za mwisho zilivunja kizuizi cha tatu kutoka chini. Maji yalipata tundu la panya kwenye bawa la kushoto, na asubuhi ile tulikuta mawe yametawanyika hadi kijitoni. Mwenye boma alinipigia simu kabla ya jua kutoka. Nilipofika alikuwa tayari ametuma ujumbe juu, na saa tatu wakaonekana watu tisa wakishuka njia ya ng'ombe kutoka upande wa Kericho, mbele yao yule mzee wa siku ya kwanza akiwa na fimbo yake, na nyuma yao punda mwenye magunia mawili ya vipando vya nepia, vilivyokatwa usiku uleule kutoka kwenye matuta yao.